Jirani wa mtaa wa Kuze, Mombasa: sukari iliyojificha ndani ya pakiti

Bi Rukia 16:02
Asalam aleykum jamani. Hii juisi ya unga imeandikwa mbele "bila sukari". Mbona tamu hivyo? Mzee wangu ana sukari, anywe asinywe?

Salma 16:05
Waaleykum salaam, shikamoo Bi Rukia. Geuza pakiti utazame uzito. Nyingi ni gramu 10 hivi, nazo zatosha lita 2. Lita 2 zenye utamu wa soda zataka sukari gramu 200 na zaidi. Hapo utamu hautoki kwa sukari, watoka kwa vitamu vya maabara. Aspatemu (namba 951 kwenye orodha ya viambato) ni tamu kama mara 200 ya sukari, sukralosi (955) kama mara 600.

Salma 16:06
Ukiona 950, 952 au 954 ni ndugu zao. 960 ni stevia, kitamu cha mmea.

Bi Rukia 16:07
Sumu?

Salma 16:10
La. Kwa kiwango kilichoruhusiwa si sumu, wala havipandishi sukari ya damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2023 walishauri tusivitegemee kupunguza uzito, lakini ushauri huo haukuwahusu walio na kisukari tayari. Mzee akinywa glasi moja si neno. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe kabisa.

Ami Hamadi 16:14
Tena kuna pakiti zenye vyote viwili, sukari na 952 pamoja. Mbele ya pakiti ni tangazo, msome nyuma. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Ujanja ni huu: kiwanda chagawa utamu mara tatu, sukari kidogo, sharubati ya glukosi kidogo, deksitrosi kidogo. Kila kimoja chashuka chini ya orodha, unga wabaki juu. Ukivijumlisha, wakati mwingine vyaushinda unga wenyewe.

Mwanaisha 16:16
Mimi huambiwa kila jina la Kiingereza linaloishia o-s-e ni sukari

Salma 16:20
Karibu yote, dadangu. Ila selulosi ni nyuzi tu, na sukralosi nimeshaitaja. Yanayopita bila o-s-e ndiyo ya kuchunga: molasi, asali, juisi ya matunda iliyokolezwa, maltodekstrini.

Salma 16:22
Hii ya mwisho Bi Rukia aishike. Haihesabiwi kwenye mstari wa sukari, huingia kwenye wanga, lakini hupandisha sukari ya damu upesi kama glukosi. Biskuti nyingine za "wenye kisukari" zinayo, juu ya unga mweupe. Kwa mzee tazama jumla ya wanga, si mstari wa sukari peke yake.

Ami Hamadi 16:25
Na zile biskuti za Dubai zilizoandikwa Kiarabu kitupu, waliosoma madrasa tafuteni "sukkar" (sukari) na "muhalliyat" (vitamu). Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, nayo haikuambii kitu kuhusu wingi wa sukari.

Mwanaisha 16:27
Yogati je? Ya watoto, ya stroberi

Salma 16:33
Hapo fanya hesabu. Soma safu ya gramu 100, si ya "kipimo kimoja", maana kipimo wakipanga wao. Tuseme sukari ni gramu 13. Maziwa yana sukari yake ya asili, kama gramu 5. Toa, yabaki 8 zilizotiwa. Gramu 4 ni kijiko kimoja cha chai, basi ni vijiko 2 kwa kila gramu 100. Kikombe cha gramu 250 ni vijiko 5. WHO wasema mtu mzima akibaki chini ya gramu 25 kwa siku ni bora zaidi, yaani vijiko 6. Mtoto fungu lake ni dogo zaidi, basi ashamaliza hapo, na chai hajanywa.

Bi Rukia 16:34
Subhanallah

Ami Hamadi 16:36
Tomato sosi msiisahau. Kijiko kikubwa kimoja ni karibu kijiko cha chai cha sukari. Viazi karai na ukwaju wa kupika nyumbani vyatosha. Siagi ya karanga chukua iliyoandikwa karanga na chumvi basi. Na mkate wa brauni, mwingine rangi yake ni karameli; kiambato cha kwanza kiwe ngano nzima.

Mwanaisha 16:38
Sasa mtindi wa nyumbani wangu hutoka maji maji 😩 niwape nini hawa

Salma 16:44
Maziwa lita 1, yachemshe, kisha yaache yapoe mpaka kidole kivumilie kuhesabu 10, kama nyuzi 43 hadi 45. Teka kikombe kimoja, koroga humo vijiko vikubwa 2 vya mtindi mtupu, rudisha sufuriani. Funika, fungia kwa taulo, usiuguse saa 6 mpaka 8. Ukitia mbegu (huo mtindi mtupu) maziwa yangali moto, bakteria wafa, hayagandi. Ukiyasogeza au kuyakoroga katikati, ndiyo hayo maji.

Mwanaisha 16:45
Aa, mimi hufunua kila saa kuchungulia

Salma 16:46
Acha kuchungulia. Yakishaganda weka kwenye friji, halafu embe bivu uliponde juu wakati wa kula, si kabla. Mbegu ya yogati ya stroberi usitumie. Chukua iliyoandikwa maziwa na bakteria hai tu.

Bi Rukia 16:49
Mtindi mtupu ninao mimi. Mwanaisha, tuma mtoto na bakuli.