Manukato ya asili au ya maabara: kipi kinafaa kwa duka dogo la Kigoma?

Mpima Harufu (Mwanga, Kigoma)

Habari zenu, ndugu zangu. Ninauza pafyumu za kupima hapa Mwanga, na siku hizi wateja wengi, hasa kina mama, wananiuliza kama nina manukato ya asili "yasiyo na kemikali". Mbele yangu zipo njia tatu. Ya kwanza ni kuagiza mafuta yaliyokenekwa (yaliyotolewa kwa mvuke kisha kupozwa) kutokana na mimea, yaani karafuu, mchaichai na langilangi, kisha kuyazimua mwenyewe. Ya pili ni uturi wa wauzaji wa jumla, ambao chupa yake imeandikwa "asilia" bila kutaja kilichomo. Ya tatu ni kuendelea na mafuta ya kunukia ya viwandani ninayoyachanganya na alkoholi kama kawaida. Naomba mnisaidie kuzilinganisha kwa mambo manne: kudumu kwa harufu, usalama wa ngozi, bei, na maneno ninayoweza kumwambia mteja bila kumdanganya.

Shangazi wa Ujiji

Mwanangu, kabla hujachagua chupa, uliza kwanza kama mteja anataka kunukia mwilini au kwenye nguo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapolinganisha visivyolingana. Huku Ujiji, ambako mila za pwani zilifika na misafara ya karne ya 19 zikakaa, bibi harusi hufukizwa udi, nguo zake hutandazwa juu ya moshi wa chetezo, na marashi ya waridi hunyunyizwa kwa mrashi. Harufu iliyoingia katika uzi wa kanga huweza kukaa siku kadhaa, ilhali harufu hiyo hiyo ikipakwa ngozini hupotea kabla ya adhuhuri, hasa kwa joto letu hili la ziwani.

Hata hivyo, usimwambie mteja kwamba udi wote ni wa asili. Udi halisi hutokana na miti ya Aquilaria ya kusini-mashariki mwa Asia, ambayo hutengeneza utomvu wa kunukia baada ya kushambuliwa na kuvu, na biashara ya miti hiyo yote inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Ule wa pakiti ndogo tunaoununua sokoni mara nyingi ni vipande vya mti mwingine vilivyopikwa kwa sukari na kutiwa mafuta ya pafyumu. Mimi naupenda hivyo hivyo, lakini siuiti wa asili.

Mwalimu wa Kemia (Kanyenye, Tabora)

Shikamoo Shangazi. Naomba niongeze upande wa maabara, na nitakuwa mrefu kidogo.

Maneno "yasiyo na kemikali" yaondoe kabisa kwenye rafu yako, kwa kuwa mafuta ya karafuu yenyewe ni kemikali iitwayo eujenoli kwa sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya asilimia 70, na mafuta ya mchaichai hutawaliwa na nyingine iitwayo sitrali. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba viambato 26 vya manukato vinavyojulikana kuleta mzio vitajwe kwenye lebo, na mwaka 2023 orodha hiyo ikaongezwa hadi ikapita 80. Eujenoli na sitrali zimo katika orodha hiyo tangu mwanzo, pamoja na linaloli, limonini na jeranioli, ambazo zote hupatikana katika mimea. Kwa hiyo mtu mwenye ngozi nyepesi ya kudhurika hawezi kukimbilia mmea akadhani ameokoka.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalizingatii. Linaloli na limonini zikikutana na hewa hubadilika taratibu, na yale yanayozaliwa kutokana na mabadiliko hayo ndiyo huleta mzio zaidi kuliko mafuta mapya. Chupa ya mafuta ya asili iliyofunguliwa, ikawekwa dirishani ipigwe na jua la Kigoma huku kifuniko kikifunguliwa kila mteja anapotaka kunusa, haibaki kuwa bidhaa ile ile uliyoinunua. Mafuta ya viwandani nayo huchakaa, ila mengi hutiwa vizuizi vya uchakavu, na baadhi ya molekuli zake zilichaguliwa kwa sababu hazibadiliki upesi.

Kuhusu ile njia ya pili, fanya hesabu. Kilo 1 ya mafuta ya waridi huhitaji takriban tani 3 hadi 4 za maua, maana yake chupa ya mililita 10 imekula karibu kilo 30 za maua yaliyochumwa kwa mkono. Anayekuuzia chupa kama hiyo kwa bei ya soda chache amekuuzia kitu kingine, hata kama lebo imechorwa ua zuri. Miski ni hivyo hivyo: ile ya asili hutoka kwenye tezi ya paa dume wa milima ya Asia, mnyama anayelindwa, na mbadala wa maabara umekuwapo tangu mwaka 1888. Hicho ulichonacho dukani chenye jina la miski ni cha maabara, na sioni aibu yoyote katika kulisema hilo.

Mchuuzi wa Isevya (Tabora)

Mimi nitatetea njia ya tatu bila kuona haya. Mteja akirudi baada ya mwezi anataka harufu ile ile, na mafuta ya mmea hutofautiana kwa msimu, udongo na mtu aliyekeneka. Isitoshe, watengenezaji wakubwa wenyewe hawakuchagua upande mmoja: pafyumu ya Chanel No. 5 ya mwaka 1921 ilipata sifa kwa kuunganisha asumini ya Grasse, Ufaransa, na kemikali za kunukia za maabara ziitwazo aldehidi ndani ya chupa moja.

Halafu kuna suala la miti. Msandali wetu wa Afrika Mashariki, *Osyris lanceolata*, umechimbwa pamoja na mizizi, kwa kuwa mafuta yamo humo, hadi ikabidi mwaka 2013 uingizwe katika orodha ya pili ya CITES, ya viumbe ambavyo biashara yake hudhibitiwa, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizotajwa. Mnaposifu sandali ya asili, semeni pia mti umetoka wapi na kwa kibali gani. Sandali ya maabara haijang'oa mti hata mmoja.

Shangazi wa Ujiji

Hilo la msandali nakubaliana nawe, kaka. Lakini karafuu haikatwi mti. Kule Pemba makonyo yanayobaki baada ya karafuu kuchambuliwa ndiyo hukenekwa mafuta, nayo ni mabaki yanayopewa thamani. Tusiitie mimea yote katika kapu moja.

Mfuga Nyuki (Sikonge)

Naona wote mnazungumzia chupa, nami nipo kwenye nta. Mkoa wetu wa Tabora una nta nyingi ya misitu ya miombo, na manukato ya kupaka yaliyogandishwa kwa nta hayahitaji alkoholi wala chupa ya kupulizia. Uwiano ninaoupendekeza ni sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta ya mgando au ya maji. Ukipunguza nta, yatalainika mno kwa joto la Kigoma. Ukizidisha, yatakwaruza ngozi.

Wa Kigoma watafikiria mara moja mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, kwa kuwa yapo karibu. Yanafaa kwa sabuni, lakini yale yanayotokana na kokwa zilizokaangwa yana harufu yake nzito ambayo itameza langilangi yote. Tumia nazi iliyochujwa vizuri au alizeti iliyosafishwa. Nta yenyewe pia inanukia asali, kwa hiyo harufu nyepesi kama ya limau hupotelea humo, wakati karafuu na ubani hukaa vyema. Tia mafuta ya kunukia mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, na karafuu isizidi nusu gramu katika gramu 100 za mchanganyiko, kwani eujenoli ikizidi huwasha ngozi.

Kudumu? Saa chache, na kwa mtu wa karibu tu. Anayetaka kunukia hadi mlango wa pili hatafurahi.

Mama Pacha (Gungu, Kigoma)

Mimi ni mteja, si muuzaji. Mwanangu mmoja ana pumu, na kwetu nyumbani moshi wa udi humbana kifua sawasawa na pafyumu ya dukani. Muuzaji anayeniambia "hii ni ya asili, haina shida kwa mgonjwa wa pumu" ananipoteza. Na kwa mtoto mchanga sihitaji ushauri wa aina yoyote ya manukato. Mtoto anaogeshwa, inatosha.

Nitalipa zaidi kwa chupa yenye majina ya vilivyomo. Zile za maabara nazo huficha mengi nyuma ya neno moja la "manukato", na ndani yake huweza kuwamo fthaleti, kemikali za kuyeyushia na kushikilia harufu, ambazo baadhi yetu tungependa kuziepuka.

Msoma Lebo (Tabora)

Mama Pacha amegusa penyewe. "Asilia" ni dai la muuzaji, lakini "kilimo hai" lina masharti. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Usiliandike neno hilo kwenye rafu kama mkulima au mkenekaji hana uthibitisho. Pia, tangu mwaka 2019 masuala ya vipodozi yako chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa hiyo ukianza kuchanganya na kufungasha kwa jina lako, badala ya kupimia tu, waulize taratibu za usajili kabla ya kuchapisha lebo.

Mpima Harufu (Mwanga, Kigoma)

Nimeelewa, na uturi usiotaja kilichomo nimeuondoa katika hesabu. Nitabaki na mafuta ya viwandani kwa wanaotaka kudumu, nikiyaita kwa jina lake, na nitaanza na makopo machache ya nta yenye karafuu. Swali langu la mwisho ni la langilangi: nimepewa bei mbili zinazoachana sana, zote zikisemwa ni za Komoro na zote za asili. Nani ananidanganya?

Mwalimu wa Kemia (Kanyenye, Tabora)

Huenda hakuna anayekudanganya. Langilangi hukenekwa kwa muda mrefu, na mafuta hukusanywa kwa awamu: yanayotoka mwanzo huitwa ziada, kisha hufuata daraja la kwanza, la pili na la tatu. Ziada ndiyo yenye utamu wa ua na ndiyo ghali. La tatu ni zito, harufu yake ya ua ni hafifu, na kwa kawaida huenda kwenye sabuni. Muulize kila mmoja daraja lake, na asiyejua jibu usinunue kwake. Kwa kopo la nta lenye karafuu, daraja la tatu linatosha, kwa kuwa karafuu itafunika tofauti ambayo ungeilipia.

Nunua chupa ndogo za rangi ya giza, andika tarehe ya kufungua juu ya kila moja, na kwa mteja mpya paka kidogo ndani ya kiwiko, asubiri siku mbili kabla ya kununua. Mafuta ya limau yaliyokamuliwa kwa baridi usiyaweke kabisa katika kitu cha kupaka mchana, kwa sababu yakipigwa na jua huunguza ngozi. Yaliyokenekwa kwa mvuke hayana tatizo hilo.