Lipeni vijana mlio nao kabla ya kutuletea nyota wa Ulaya

Ndugu wanajukwaa, hasa nyinyi mnaofuata kandanda ya Kisumu, Kakamega, Bungoma na Migori, nimefungua uzi huu kulalamikia wazo linalotangazwa kwa majivuno katika mikutano ya klabu zetu, kwamba dawa ya ligi yetu ni kusajili mchezaji mwenye jina kubwa kutoka Ulaya au Amerika Kusini, hata kama miguu yake imeanza kuchoka, ili viwanja vijae na wadhamini waje wenyewe. Klabu moja ya huku kwetu, ambayo siitaji kwa sababu mpwa wangu bado anaichezea, ilitueleza mpango huo katika mkutano wa wanachama, na waliokaa meza kuu wakapigiwa makofi. Katika ukumbi huohuo walikuwamo vijana ambao hawajaona mshahara kwa miezi kadhaa, ambao nauli ya kwenda mazoezini huipata kwa kubahatisha, na hakuna hata mmoja kati ya viongozi wale aliyesimama kuwaambia watalipwa lini. Mzee mmoja alipouliza fedha za mgeni huyo zitatoka wapi, aliambiwa kwamba mawazo yake ni ya zamani.

Basi tufanye hapa hesabu ambayo kamati ilikataa kuifanya. Ligi Kuu ya Kenya ina timu 18, kwa hiyo kila klabu hucheza mechi 34 kwa msimu, na 17 kati ya hizo ni za nyumbani. Tuseme nyota huyo amekubali shilingi milioni moja kwa mwezi, kiasi ambacho mchezaji wa jina kubwa hawezi hata kukijadili, lakini na tukikubali kwa ajili ya hoja. Kwa mwaka ni shilingi milioni 12. Kiingilio kikiwa shilingi 200, klabu inapaswa kuuza tiketi 60,000 zaidi ya zile inazouza sasa, yaani kupata mashabiki wapya zaidi ya 3,500 katika kila mechi ya nyumbani, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, mvua inyeshe au jua liwake, bila mtu yeyote kupenyezwa langoni na rafiki yake. Hapo bado hujalipia nyumba ya mgeni, ndege, bima, wakala na kodi, wala ulinzi na ambulensi ambazo klabu hugharamia hata asipokuwapo nyota. Najua kwamba Gor Mahia na AFC Leopards wakikutana watu hujaa. Nauliza kuhusu mechi ya Jumatano alasiri dhidi ya timu ya benki au ya polisi, ambayo watazamaji wake wengi ni jamaa za wachezaji. Nani atamlipa nyota mechi hizo zikiwa ndizo nyingi katika ratiba?

Kuna jambo la pili ambalo linaniudhi zaidi, kwa kuwa viongozi wanalijua na wananyamaza. Mchezaji wa kigeni asipolipwa mishahara ya miezi miwili, kanuni za FIFA zinamruhusu kuipa klabu notisi ya siku 15, kisha kuvunja mkataba na kupeleka madai yake huko huko FIFA, ambako klabu ikishindwa kulipa inaweza kufungiwa kusajili mchezaji yeyote kwa hadi vipindi vitatu vya usajili. Hili si jambo la kufikirika, kwani Gor Mahia na AFC Leopards zote zimewahi kufungiwa kwa sababu ya madeni ya wachezaji au makocha waliotoka nje. Lakini mpwa wangu ni Mkenya anayeidai klabu ya Kenya, na mgogoro wa namna hiyo haufiki katika meza hiyo ya FIFA; anatakiwa kuzunguka katika ofisi za hapa nchini, akiwa hana wakili, huku kocha akimwonya kwamba msumbufu hapangwi kikosini. Matokeo yake yanajulikana hata kabla nyota hajashuka uwanja wa ndege: fedha zikipatikana kidogo, atalipwa kwanza yule ambaye ana uwezo wa kuifungia klabu, na kinachobaki, kama kitabaki, ndicho watakachogawana wenyeji. Simlaumu mgeni kwa kudai haki yake. Namlaumu anayetia sahihi mkataba huku akijua kwamba utalipwa kwa jasho la wengine.

Na sisi wa upande huu wa nchi hatuna udhuru wa kusahau, kwa sababu tumeona kwa macho yetu klabu zinavyokufa zinapotegemea fedha ambazo hazikutokana na kandanda yenyewe. SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Katika msimu wa 2019/20 iliondolewa ligini baada ya kushindwa kufika katika mechi tatu. Chemelil Sugar nayo ilishuka daraja msimu huohuo. Klabu hizi zililelewa na viwanda vya sukari, na kiwanda kiliposhindwa kumlipa mkulima wa miwa, ilikuwa ndoto kudhani kwamba kingeendelea kumlipa beki wa kushoto. Hazikuwa na nyota wa Ulaya wa kuzifilisi, ni kweli, lakini ndiyo sababu nazitaja: ikiwa mishahara ya wachezaji wa kawaida iliweza kuzishinda klabu zenye kiwanda nyuma yao, iweje klabu isiyo na kiwanda wala mdhamini wa kudumu ijitwike mshahara wa mtu mmoja unaolingana na wa kikosi kizima? Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojiondoa katika udhamini mwaka 2019, hata vigogo wa Nairobi waliyumba. Mdhamini wetu huja na kuondoka, ilhali mkataba wa nyota hauondoki naye.

Wanaotetea mpango huu hupenda kutukumbusha kwamba David Beckham aliiinua ligi ya Marekani. Sawa, lakini wasimulie habari yote. Ligi hiyo ya MLS ilianza kuchezwa mwaka 1996, na Beckham alijiunga na LA Galaxy mwaka 2007, baada ya miaka 11 ya kubana matumizi, kuweka kikomo cha mishahara na kujenga viwanja vya kandanda, kuanzia kile cha Columbus kilichofunguliwa mwaka 1999. Hata alipokuja, kanuni iliwekwa ili kila klabu iwe na nafasi chache tu za wachezaji wa kulipwa nje ya kikomo. Waamerika walikuwa waangalifu hivyo kwa sababu walikwisha kuungua. Ligi yao ya awali, NASL, ilimleta Pelé katika klabu ya New York Cosmos mwaka 1975, kisha Franz Beckenbauer, na mwaka 1977 mechi moja ya Cosmos ilihudhuriwa na watu zaidi ya 77,000. Klabu nyingine zikajaribu kuifuata Cosmos kwa matumizi, zikashindwa, na msimu wa 1984 ukawa wa mwisho. China nayo, yenye matajiri ambao hapa kwetu hatuna, iliona Jiangsu Suning ikimnunua Alex Teixeira kwa euro milioni 50 mwaka 2016. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa China Novemba 2020, na Februari 2021 ikafungwa kwa kukosa fedha. Bingwa mtetezi hakupata hata nafasi ya kutetea taji lake.

Yuko atakayenijibu kuhusu Simba na Yanga, na hoja hiyo naiheshimu kuliko ile ya Beckham, kwa kuwa Tanzania ni jirani na mafanikio yake yanaonekana; Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 ikiwa na wageni wengi kikosini. Hata hivyo, tuangalie ni wageni gani. Fiston Mayele alitoka Kongo na Clatous Chama alitoka Zambia, wachezaji waliosajiliwa kwa uwezo wao uwanjani wala si kwa mabango, na klabu zao zina wafadhili wanaojulikana pamoja na ligi yenye mkataba mrefu wa televisheni na Azam. Sisi wenyewe tuliwahi kufanya vivyo hivyo kwa busara. Gor Mahia ilipowachukua Wanyarwanda Meddie Kagere na Jacques Tuyisenge, hakuna aliyelalamika, kwa sababu walifunga mabao, waliwafundisha washambulizi wetu kwa vitendo, na Kagere alipokwenda Simba mwaka 2018 akawa mfungaji bora wa Tanzania misimu miwili mfululizo. Sipingi wageni. Napinga bei, na napinga jina lililozeeka kugeuzwa mpango wa maendeleo.

Isitoshe, mwezi Agosti 2025 tulishuhudia thamani ya wachezaji wa ligi hii tunayoambiwa kwamba haina mvuto. Katika CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao, Kenya iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikaifunga Morocco ambayo baadaye ilitwaa kombe, ikaongoza kundi lake na kutolewa na Madagascar kwa penalti tu. Kasarani ilijaa, na hapakuwa na nyota wa Ulaya. Ryan Ogam, aliyewafunga Morocco, akasajiliwa na Wolfsberger ya Austria. Huko ndiko fedha ziliko, tena kwa kanuni iliyoandikwa: mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Victor Wanyama alipouzwa na Celtic kwa Southampton mwaka 2013 kwa pauni milioni 12.5, kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 ulikuwa na thamani ya pauni 31,250 kwa klabu yenye hati zake za usajili. Nendeni katika timu zetu za vijana, kuanzia Mamboleo hadi Bukhungu, mwulize ni watoto wangapi wamesajiliwa kwa karatasi zinazoweza kudai hata senti moja ya fedha za namna hiyo. Karani mmoja mwaminifu, anayelipwa kila mwezi kutunza hati hizo, angeiletea klabu faida ambayo nyota aliyechoka hawezi kuiota.

Kwa hiyo ninawataka viongozi wa klabu hiyo, nao wanajijua, walete katika mkutano ujao orodha ya madeni yote ya wachezaji na wafanyakazi, pamoja na barua ya mdhamini inayoonyesha nani atalipa mshahara wa nyota kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho wa mkataba. Wasipokuwa na hati hizo, nitapendekeza wanachama wapige kura ya kuzuia usajili huo, na namhitaji mwanachama mwingine mwenye kadi hai wa kuniunga mkono. Aliye tayari aandike hapa chini. Nanyi wazazi ambao vijana wenu wanadai, tafuteni nakala za mikataba yao mapema, kwa sababu jambo la kwanza tutakaloulizwa ni ushahidi.