Shayiri ya kimea imekataliwa kwa protini: mbegu au shamba?

KaratuJuu
Wakuu, shayiri ya safu mbili (suke lina safu mbili za punje) imepimwa protini asilimia 13, mnunuzi wa kimea (nafaka iliyooteshwa ya kutengenezea bia) kaikataa. Punje ni nene na safi. Shida ni mbegu? Na nikitenga ya kupanda msimu ujao, haitageuka kama mahindi chotara?

BwanaShamba_K
Hapo angalia mbolea kwanza. Viwanda vingi hutaka protini kati ya asilimia 9 na 11.5 hivi. CAN (mbolea ya naitrojeni) ikiwekwa mapema, mmea unapoanza kutoa machipukizi, huongeza masuke. Ukiiweka masuke yakikaribia kutoka, naitrojeni huishia kwenye punje. Ukame wakati punje zinajaa ni mbaya zaidi: wanga haujai, kwa hiyo asilimia ya protini inapanda hata kama hukuzidisha mbolea. Shamba lililotoka maharage au lenye samadi nyingi, punguza CAN.

Kiwanda hakikuonei. Wanga ukipungua, kimea hutoa sukari kidogo, punje hunyonya maji polepole zikilowekwa, na bia haitakati. Huo mzigo uza kama chakula cha mifugo; huko protini ni sifa.

Jeni_2H
Kuhusu mbegu: shayiri hujichavusha yenyewe karibu yote, haigeuki. Hatari ni fugwe, ugonjwa wa kuvu unaofanya suke kuwa vumbi jeusi. Hukaa ndani ya kiini cha punje, hivyo dawa ya kupaka juu tu haifiki, tumia inayopenya. Usichanganye na ya safu sita: zile punje zake za pembeni ni ndogo na zimepinda, haziloweki sawasawa. Tofauti hiyo inatokana na jeni moja, Vrs1: ikiharibika, vijisuke vya pembeni vinazaa, na safu zinakuwa sita.

Mdadisi
Shayiri si asili yake Ethiopia?

Jeni_2H
Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi, aliihesabu Ethiopia kuwa kitovu cha shayiri kwa wingi wa aina zake, ila shayiri mwitu iliyozaa hii yetu ni ya Mashariki ya Kati. Ile ya mwitu suke lake hupukutika likiiva. Kuharibika kwa jeni Btr1 au Btr2, moja tu kati ya hizo, kulitosha kulishikilia suke lisipukutike, na kulitokea kote kuwili: aina nyingine za shayiri zina Btr1 iliyoharibika, nyingine Btr2. Ndiyo maana ukizichavusha aina hizo mbili, kizazi cha kwanza hupukutika tena! Ethiopia mchango wake ni kinga: mlo-11, jeni ya kinga dhidi ya ubwiri unga (ugonjwa wa kuvu unaofanya majani yawe na unga mweupe), imetoka kwenye shayiri za kienyeji za huko.

BwanaShamba_K
KaratuJuu, hiyo ya mbegu ianike kivulini hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13. Kisha otesha punje 100 kwenye karatasi yenye unyevu; zisipoota 90 au zaidi, nunua mpya.