Naombeni ushauri: nahudhuria kongamano la teknolojia ya biashara kwa mara ya kwanza, nijiandae vipi?

Nukta Pevu
Wakuu, heshima kwenu. Wiki ijayo nakwenda kwenye kongamano la teknolojia ya biashara, la siku mbili, mada ukumbini na mabanda ya maonyesho pembeni. Sijawahi kuhudhuria na usingizi umenikimbia. Kila saa kuna mada nne zinazokwenda pamoja, sijui nishike ipi niache ipi. Nivae suti au shati linatosha? Kadi za biashara bado zina kazi au siku hizi ni kuskani tu? Na kompyuta niibebe? Wazoefu nisaidieni, msinicheke.

Mzee Ratiba
Viatu, mdogo wangu. Usivae vipya, utasimama kuliko utakavyokaa. Ukitaka kujua nani mgeni kwenye kongamano, mchana wa siku ya kwanza tafuta aliyeegemea ukuta anavua kiatu kwa siri. Mada chagua mbili kwa siku, zaidi ya hapo kichwa hakibebi. Mada nyingi hurekodiwa, utaziona baadaye. Uliyesimama naye kwenye foleni ya beji hajarekodiwa, ongea naye.

Dada Leja
Kadi beba chache. Beji karibu zote sasa zina msimbo wa QR, ule uliobuniwa na Denso Wave ya Japani mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Wakikuskani bandani ujue umeshawapa jina, cheo na barua pepe. Mimi niliskaniwa na muuzaji wa programu ya uhasibu kwa sababu tu nilisimama nipishe watu. Mpaka leo ananitumia salamu za siku ya kuzaliwa, na ndugu zangu wa damu huwa wanaisahau. Alianza na ofa, tukaja kwenye semina ya mtandaoni, sasa ananiuliza kama nimehama kampuni. Sijahama, nimejificha.

Kipaza Bubu
Mimi nasoma majibu tu. Swali dogo: kalamu za bure bado zinagawiwa?

Fundi Waya
Kompyuta beba ukipenda ila usitegemee Wi-Fi ya ukumbini. Masafa ya 2.4 GHz, mojawapo ya yale ambayo Wi-Fi hutumia, yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Wajaze ukumbini watu mia kadhaa, kila mmoja na simu na saa ya mkononi, halafu wote mgombanie hizo tatu. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi, lakini hata hayo hufika mahali yakachoka.
Ila mtoa mada, mhudhuriaji wa kawaida daftari linamtosha. Una kitu cha kuonyesha?

Nukta Pevu
Asanteni sana, viatu nimezingatia. Kompyuta ni ya kuandikia tu. Ila kwa mfano, mtu akitaka kuonyesha mfumo wake dakika chache na intaneti ikagoma, huwa anafanyaje?

Asiyelala
"Kwa mfano" 😂😂 Mkuu mwaga mambo, sisi sote hapa watu wazima.

Wakili wa Benchi
Huyo "mtu" hatuwezi kumshauri gizani. Mfumo ni wa nani? Tiketi kalipa nani?

Nukta Pevu
Haya. Nimepata dakika tano kwenye kona ya kampuni changa. Mfumo ni wangu, nimeuandika mwenyewe usiku. Unasoma ankara zilizopita na kukisia mteja gani atachelewa kulipa tena. Tiketi imelipiwa na kazini, bosi anajua nakwenda kujifunza ili nikirudi niwafundishe wenzangu. Na nitajifunza kweli, mada nimeshazitia alama.
Kabla hamjanishukia: kompyuta ni ya kazini, sawa, lakini muda ulikuwa wangu. Slaidi nimeshatuma, kadi zimeshachapwa. Ninachoomba ni mbinu za onyesho, mahubiri nitayapata kwingine.

Mama Mizani
Mahubiri utayapata hapa hapa mwanangu. Mshika mbili moja humponyoka, na wewe zote mbili umezishika kwa gharama ya mwajiri. Kwa nini usimwambie kabla? Akikataa, unalipa tiketi yako unakwenda kifua mbele. Vijana wa sasa mnataka mtaji, mshahara na siri, vyote kwa mpigo.

Nukta Pevu
Mama, nikimwambia atasema ni mfumo wa kampuni. Namjua.

Wakili wa Benchi
Huenda akawa sahihi, ndiyo shida yenyewe. Hilo la "muda ulikuwa wangu" watu wengi hulitegemea kuliko linavyobeba. Mfano sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1988: alichotunga mwajiriwa katika ajira yake ni cha mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Swali linakuwa kama kazi ile imo ndani ya majukumu yako, saa uliyoifanya ni ushahidi mmojawapo tu. Kama unashughulika na ankara kazini na mfumo ni wa ankara, umejiweka pabaya. Nchi zinatofautiana, soma mkataba wako wa ajira usiku huu.
Na kama ndani yake kuna uvumbuzi, jukwaani ni hadharani. Kwa Mkataba wa Hataza wa Ulaya (hataza ni haki ya kumiliki uvumbuzi), kilichowekwa hadharani kabla ya maombi kuwasilishwa hakihesabiwi kuwa kipya. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kuwasilisha maombi baada ya kukiweka hadharani.

Fundi Waya
Mimi nijibu alichouliza. Rekodi onyesho zima kwa video, iweke ndani ya kompyuta na kwenye flashi. Mfumo uendeshe bila intaneti kabisa. Beba adapta ya HDMI na ya VGA, projekta za zamani bado zipo. Zima arifa zote, usije ukatumiwa ujumbe na bosi huku ukumbi mzima unausoma. Na usijaribu kitu kipya jukwaani. Aprili 1998, kwenye maonyesho ya kompyuta ya COMDEX kule Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani na Windows 98 kabla haijatoka. Mfanyakazi wake, Chris Capossela, akachomeka skana, mfumo ukaanguka na skrini ikageuka bluu mbele za watu. Gates akatania kwamba ndiyo maana bado hawajaanza kuiuza. Wewe huna jina la kutania nalo.
Hata iPhone, Januari 2007, ilikuwa bado inakwama. Wahandisi walimpangia Steve Jobs mfuatano maalumu wa hatua ambao simu iliuweza, akaufuata. Na wewe panga wako, ufuate hivyo hivyo.

Wakili wa Benchi
Fundi umesaidia. Mtoa mada, hizo ankara za kuonyesha umezitoa wapi?

Nukta Pevu
Za kazini, lakini majina ya wateja nimefuta. Zimebaki tarehe, kiasi na mji. Bila ankara halisi mfumo unaonekana wa kitoto.

Dada Leja
Hapana, hapana. Mtafiti Latanya Sweeney alikokotoa kutoka sensa ya Marekani ya 1990 kwamba asilimia 87 ya watu wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: jinsia, tarehe ya kuzaliwa na msimbo wa posta. Hakuna jina hapo. Mhasibu anaijua ankara iliyomsumbua kama sura ya mwanawe, na wahasibu wa wateja wenu ndio watakaokuwa ukumbini! Tengeneza ankara za kubuni, programu inaweza kukuzalishia maelfu kabla hujamaliza kupiga pasi shati.

Shuhuda wa Nyuma
Samahani jamani, hii ni chai. Mtu wa jukwaani anakuja kuuliza kama abebe kompyuta? Makongamano hutangaza washiriki wa maonyesho mapema kwenye tovuti, bosi aliyelipa tiketi hajachungulia? Na akaunti ya mtoa mada ni ya jana. Kwangu huyu ndiye bosi, anawatega wafanyakazi.

Kipaza Bubu
Kama ni bosi, bosi shikamoo. Ile posho tunaikumbuka.

Asiyelala
Ngojeni. Ofisini kwetu kuna jamaa anakwenda kongamano wiki ijayo, na yuko kitengo cha ankara. Nukta, unakaa karibu na dirisha?

Mzee Ratiba
Asiyelala acha kumtisha mwenzio. Kila ofisi ina mtu wa ankara na kila mtu wa ankara anataka dirisha.

Nukta Pevu
Sikai dirishani na mimi si bosi. Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani ina picha yangu. Tovuti yao imeandika jina la mfumo tu, jina langu halipo popote. Ankara nitabuni, hilo nimelikubali. Yaliyobaki nakwenda nayo hivyo hivyo.

Shuhuda wa Nyuma
Jina lako litakuwa shingoni. Beji huchapwa kutoka kwenye maelezo ya tiketi, kwa hiyo chini ya jina lako limeandikwa la mwajiri. Utapanda na kadi za kampuni moja huku kifuani umevaa nyingine?

Nukta Pevu
Haibadilishwi pale mezani siku yenyewe?

Dada Leja
Mara nyingi inabadilishwa, haichukui hata dakika. Ila ukibadilisha, taarifa ya mabadiliko huwa inakwenda kwenye barua pepe iliyonunua tiketi.