Mtaro mkavu unaokatisha kihamba: ni mfongo au ni korongo?

Mwenye Kihamba, Kibosho:
Wadau, habari za majukumu. Katika kihamba cha familia yetu, yaani shamba letu la migomba na kahawa huku Kilimanjaro, kuna mtaro mkavu, kina chake ni kama cha goti, unaokatisha mteremko badala ya kushuka nao, na upande wake wa chini kuna tuta refu ambalo migomba yake hustawi kuliko mingine yote. Wadogo zangu wanataka kuufukia ili tupande maparachichi. Je, ni mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji uliochimbwa na wazee, au ni korongo la mvua? Na una umri gani ukilinganishwa na mibuni yetu?

Mpimaji Mstaafu:
Ndugu yangu, maji ya mvua hushuka moja kwa moja, kwa hiyo mtaro unaopita ubavuni mwa mlima kwa mwinamo mdogo usiobadilika umechimbwa na watu. Ushahidi mzito zaidi ni hilo tuta: kila mfongo uliposafishwa, tope lilitupwa upande wa chini, na rutuba hiyo ndiyo inayonenepesha migomba yako hadi leo. Ufuate kupanda hadi mtoni, utafute mahali maji yalipochepushwa. Kisha ufuate kushuka, na ukikuta shimo pana lenye kingo za udongo, huenda ni nduwa, bwawa lililojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yafike mbali.

Mama wa Machame:
Mwanangu, yatazame na masale, ile mimea ya mpakani. Yakiwa yanaandamana na mtaro kwa urefu, yaelekea mfongo ulitangulia na majirani wakaufanya mpaka. Yakiukatisha, itabidi uwaulize wazee wa ukoo. Kuhusu kahawa, wamisionari wa Kilema waliipanda mwishoni mwa karne ya 19, nayo ikaenea vihambani hasa miaka ya 1920, hata wakulima wakaunda chama chao, KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association), mwaka 1925. Mifongo ilikuwa imekwisha kuwapo Uchagani muda mrefu, ikinywesha migomba huku juu na ulezi wa pombe ya mbege kule chini, ambako sasa mnaona mahindi.

Mpimaji Mstaafu:
Nakubaliana na Mama. Naongeza kwamba wadogo zako wasiufukie, kwa sababu wakati wa masika mtaro kama huo hupokea maji yanayotoka juu, na ukizibwa yatapita katikati ya migomba na kuondoka na udongo. Maparachichi yapandwe chini ya tuta.