Tumeondolewa kwenye tenda ya usafi kwa kigezo ambacho hakikuandikwa. Nilalamike?

Mama Usafi, Nyakato – Jumamosi

Habari za Jumamosi ndugu zangu. Naomba mnisomee mpaka mwisho, maana siku nilizonazo za kulalamika zinahesabika.

Nina kampuni ndogo ya usafi hapa Mwanza, mwaka wa sita sasa. Mwezi uliopita tuliomba tenda ya usafi kwenye taasisi moja ya afya ya serikali, jina naliacha. Mkataba wa mwaka mmoja, wafanyakazi 18. Bei yangu ilikuwa 5,940,000 kwa mwezi kabla ya VAT, na sikuibahatisha. Mshahara wa 220,000 kwa kila mtu ni 3,960,000. Ukiweka NSSF ya mwajiri asilimia 10, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) asilimia 3.5 na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) nusu asilimia, unafika 4,514,400. Sabuni, dawa, glavu, madekio na mifuko ya taka 860,000. Kinachobaki ndicho cha msimamizi, nauli na faida.

Jumatano saa 11 jioni ikaingia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani taarifa ya nani wanakusudia kumpa tenda. Aliyependekezwa ana bei ya 7,150,000. Kwa mwaka ni tofauti ya zaidi ya milioni 14. Sababu ya kuondolewa kwetu: hatukuonyesha uzoefu wa kutosha katika taasisi za afya.

Usiku ule nilizisoma nyaraka za zabuni mara tatu. Kigezo cha uzoefu kinataka mikataba miwili ya huduma za usafi ndani ya miaka mitatu, kila mmoja usiopungua milioni 30. Basi. Neno "afya" halimo. Mimi niliweka miwili: jengo la ofisi lenye ghorofa nne, na kiwanda cha minofu ya sangara tulichokisafisha miezi 20. Aliyewahi kuingia kiwanda cha minofu anajua. Ulaya ilishawahi kuwafungia mlango samaki wa ziwa letu miaka ya 1990, na wenye viwanda hawajasahau. Unaosha buti kabla ya kuingia, dawa inapimwa, mkaguzi anapitisha kitambaa chake mezani na kikitoka na uchafu mnarudia zamu nzima. Wanawake wangu wamefanya kazi hiyo usiku, kwenye baridi, bila lalamiko hata moja la maandishi. Leo naambiwa uzoefu wetu hautoshi kudeki korido.

Kaka yangu ananiambia niache, nikilalamika nitawekewa alama na sitapata tenda yoyote Kanda ya Ziwa. Nifanyeje?

Mzee wa Manunuzi, Nyegezi

Mwanangu, nimestaafu baada ya miaka mingi kwenye vitengo vya ununuzi vya halmashauri, na nimeketi upande wa pili wa malalamiko kama haya. Lalamika. Ila lalamika vizuri.

Kwanza, achana na bei. Najua milioni 14 inauma, lakini tenda haiendi kwa mwenye bei ndogo tu. Inakwenda kwa mwenye gharama ndogo kati ya wale waliokidhi vigezo. Ukianza barua na bei watakujibu kwa sentensi moja na wamemaliza. Hoja yako ni moja na ina nguvu: kamati ya tathmini inapima kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye nyaraka za zabuni, na si vingine. Haina ruhusa ya kuongeza kigezo baada ya zabuni kufunguliwa, hata kiwe kizuri namna gani. Nukuu kipengele chao neno kwa neno, chini yake nukuu sababu waliyokupa. Anayesoma aone mwenyewe.

Pili, siku. Kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, una siku tano za kazi kupeleka lalamiko kwa afisa masuhuli wa taasisi hiyo, yaani mkuu wake anayewajibika kwa fedha. Notisi ya Jumatano: Alhamisi moja, Ijumaa mbili, Jumatatu tatu. Jumatano ijayo ndiyo ya mwisho, nawe usiifikie. Naye ana siku tano za kazi kukujibu. Akikaa kimya, au jibu lisikuridhishe, una tano nyingine za kwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA. Huko kuna ada, jiandae.

Kabla hujabonyeza chochote, pitia zabuni yako kama adui yako. Hati ya uwakilishi, ile inayomruhusu mtu kusaini kwa niaba ya kampuni, ina sahihi? Uthibitisho wa kodi ulikuwa hai siku ya kufunga? Nimeona mtu akishinda hoja aliyolalamikia, halafu akakutwa na kasoro nyingine akatoka mikono mitupu.

Na hilo la kuwekewa alama: kufungia mzabuni ni kazi ya PPRA, mamlaka inayodhibiti ununuzi wa umma, kwa makosa kama kughushi nyaraka. Kulalamika ni haki yako kisheria.

Mlinzi wa Igoma

Dada, sikia kilichonikuta. Mimi ni wa ulinzi. Mwaka jana niliondolewa namna hiyo hiyo, nikaona niwe muungwana, niende ofisini tuzungumze. Siku ya kwanza bosi yuko kikaoni. Ya pili, njoo kesho. Ya tatu nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba watalitazama. Nilipokuja kuandika, siku zilikuwa zimepita, na rufani yangu haikusikilizwa. Nilikuwa nimeahidi kazi vijana 11. Usiende kuzungumza na mtu. Andika.

Muuguzi, Sengerema

Mama, nitasema tofauti kidogo, usinichukie. Niliwahi kuteuliwa kwenye kamati ya tathmini, tulikuwa watatu, tukasaini tamko la kutokuwa na mgongano wa maslahi. Wodi si ofisi. Kuna sindano, kuna pamba za damu, na aliyezoea kuzoa taka zote pamoja anaweza kuchanganya ndoo za taka zinazotofautishwa kwa rangi, sindano ikamchoma mwenzake. Kwa hiyo kutaka uzoefu wa hospitali si uonevu.

Lakini sisi tulipogundua nyaraka hazikusema hivyo, tulinyamaza tukapima kwa kilichoandikwa, ingawa moyo ulikataa. Kosa lilikuwa la aliyeandaa nyaraka, na mzabuni hawezi kulilipia. Wewe uliuliza ufafanuzi kabla ya kufunga?

Mama Usafi, Nyakato – Jumatatu jioni

Shikamoo mzee, na wabeja sana wote. Muuguzi, siwezi kukuchukia, umesema kweli kuhusu wodi. Sikuuliza ufafanuzi kwa sababu kigezo kilikuwa wazi. Wangeandika hospitali, nisingeomba, au ningetafuta wa kuungana naye.

Jana nimepitia kila ukurasa. Hati ya uwakilishi iko sawa, uthibitisho wa kodi ulikuwa na wiki tatu mbele. Lalamiko nimeliandika ukurasa mmoja na nusu, nikafuta aya nzima ya bei, ikaniuma kuifuta. Nimeambatanisha barua ya kiwanda ya kukamilisha kazi. Leo saa 4 asubuhi nimelituma na kupokea uthibitisho.

Siku zao tano zinaisha Jumatatu ijayo. Nitarudi hapa jioni hiyo niwaambie wamejibu nini.