Mionzi ya tezi dume: dozi 39, 20, 5 au mbegu? Mzee yuko Tukuyu

Mtoto_wa_Kiwira

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kwa wanaoijua tiba ya mionzi. Mzee ana saratani ya tezi dume, ana miaka 69, anaishi Tukuyu. Majibu yake: PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) 14.6, kinyama kimetoka Gleason 4+3 (alama ya ukali wa saratani), kwa kipimo cha kidole daktari kaandika T2b (bado iko ndani ya tezi), ujazo wa tezi mililita 62. Mifupa safi, mitoki ya nyonga safi. Ana kisukari, anatumia metformin. Mkojo unakatika, usiku anaamka mara tatu au nne, na ile fomu ya maswali saba ya shida za mkojo imempa alama 19 kati ya 35. Upasuaji hataki hata kuusikia.

Rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, tunayo. Ila nyumbani kila mtu ana lake. Mmoja kasikia dozi 39, mwingine 20, mjomba anasema nje ya nchi wanamaliza kwa dozi 5, na kuna anayeng'ang'ania mbegu za mionzi za kupandikiza. Shangazi yuko Mwanza, anataka mzee aende Bugando alale kwake. Na wapo wanaosema aondolewe korodani badala ya sindano za homoni (za kushusha testosteroni) ili kupunguza gharama. Tushike lipi?

Fizikia_Mionzi

Mkuu, pole na mzee. Nianze na jambo ambalo familia nyingi hulikosa: idadi ya dozi na aina ya mashine havichaguliwi kimoja kimoja. Mkishajua mashine, nusu ya swali imejijibu.

Mpango wa zamani ni grei (kipimo cha mionzi) 78 kwa dozi 39, grei 2 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, karibu wiki nane. Mpango mfupi ni grei 60 kwa dozi 20, grei 3 kila siku, wiki nne. Huu wa pili si wa kulipua kazi. Jaribio la CHHiP la Uingereza, lililohusisha wanaume zaidi ya 3,200 na kutoa matokeo ya miaka mitano mwaka 2016, lililinganisha dozi 20 na dozi 37 za grei 2. Waliokaa bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 90.6 kwa dozi 20 na 88.3 kwa dozi 37. Wengi wao walipewa pia homoni za muda mfupi, kama mzee wako atakavyohitaji.

Sharti lake ndilo watu hulisahau. Grei 3 kwa siku inaumiza puru zaidi ikikosea njia, kwa sababu madhara ya kuchelewa yanafuata ukubwa wa kila dozi, si jumla peke yake. Kwa hiyo dozi 20 inataka LINAC (mashine ya umeme inayotengeneza mionzi yenyewe), mpango uliochorwa kwenye picha za CT, na picha ya kuhakiki tezi iko wapi kabla ya kuwasha mashine. Ulizeni hivi: "Mtahakiki kwa picha kila siku, au mara moja kwa wiki?" Wakisema alama za ngozini tu zinatosha, bora dozi ndogondogo za grei 2.

Sasa Bugando. Ulizeni kwanza mzee atawekwa kwenye mashine gani, maana ikiwa ni ya kobalti (inayotoa mionzi kutoka kwenye chanzo cha kobalti-60) mambo ni haya. Kobalti ni mashine halali na imetibu watu wengi, lakini tezi dume imejificha katikati ya nyonga. Kwenye kina cha sentimita 10, mwali wa kobalti umebaki na takriban asilimia 56 ya nguvu yake ya juu; wa LINAC ya megavolti 6 una karibu 67. Kinachopungua huko ndani kinalipwa na ngozi na nyonga. Kingo za mwali wa kobalti nazo zimetawanyika, hivyo mpaka wa usalama kuzunguka tezi unaongezwa, na kinachoingia kwenye huo mpaka ni puru na kibofu. Halafu chanzo chenyewe hupungua nusu kila miaka 5.27. Chanzo cha miaka mitano kinamlaza mgonjwa mezani karibu mara mbili ya muda wa chanzo kipya, na mzee mwenye kibofu kilichojaa atajisogeza tu. Kwa tiba ya kuponya, mimi ningependa LINAC. Shangazi atume nauli.

Mkojo_na_Figo

Naongezea kwenye mbegu na zile dozi 5, maana hapo ndipo watu wanauza mashamba bila sababu.

Mbegu za ayodini-125 zinaachwa ndani ya tezi moja kwa moja. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya siku 60 hivi. Zinamfaa mwenye tezi ndogo na mkojo mzuri. Mzee ana mililita 62, wakati vituo vingi huanza kusita kwenye 50 hadi 60, kwa sababu mfupa wa kinena unazuia sindano kufika pembeni ya tezi. Kwa alama 19, tezi ikivimba baada ya kupandikizwa anaweza kuziba mkojo kabisa na kukaa na mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Tena kwa 4+3 yenye PSA juu ya 10, mbegu peke yake hazitoshi, angeongezewa mionzi ya nje juu yake. Mionzi ya ndani mnayoisikia Ocean Road ni ile ya mlango wa kizazi hasa, msichanganye.

Dozi 5: jaribio la PACE-B lilitumia grei 36.25 kwa dozi 5 na matokeo yalikuwa mazuri sana. Lakini liliwaacha nje wenye Gleason 4+3, na washiriki hawakupewa homoni. Yaani mjomba ananukuu ushahidi wa wagonjwa wasiofanana na mzee.

Korodani. Mzee yuko kundi la hatari ya kati, upande wake mbaya: PSA kati ya 10 na 20, 4+3, na T2b. Homoni anazohitaji ni za miezi minne hadi sita. Goserelini, mojawapo ya sindano hizo, ya miligramu 10.8 huchomwa kila miezi mitatu, kwa hiyo ni sindano mbili. Kuondoa korodani ni kwa maisha yote. Kunafaa zaidi kwa ugonjwa uliofika kwenye mifupa. Kukata cha kudumu kwa hitaji la miezi sita siungi mkono hata kama bei inavutia.

Sindano ya kwanza hupandisha testosteroni kabla ya kuishusha, na mkojo wake ulivyo, hilo linaweza kumfunga. Anzeni bikalutamidi (kidonge cha kuzuia testosteroni isifanye kazi) miligramu 50 kila siku wiki moja kabla, iendelee wiki tatu au nne baada ya sindano. Sukari nayo itapanda, kwa hiyo daktari wa kisukari ajue mapema.

Mionzi ianze miezi miwili au mitatu baada ya sindano hiyo. Tezi inaweza kupungua kama theluthi, toka 62 hadi arobaini na kitu, na mkojo ukatoka kwa urahisi zaidi. Muda huo pia unawapa nafasi ya kutafuta pa kulala Dar.

Mtoto_wa_Kiwira

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Mkojo ukikataa kabisa kabla ya mionzi, akwanguliwe tezi kwa njia ya mkojo? Na hiyo habari ya kibofu kujaa, kwa mtu anayekojoa kila saa itawezekanaje?

Mkojo_na_Figo

Anaweza kukwanguliwa, lakini mionzi isubiri angalau miezi miwili au mitatu kidonda kipone. Mionzi juu ya kidonda kibichi huleta kubanwa kwa njia ya mkojo au kuvuja. Ndiyo maana nasema homoni na dawa ya kulegeza njia ya mkojo, kama tamsulosini, zijaribiwe kwanza. Na mkojo uoteshwe maabara. Kama kuna maambukizi yatibiwe kabla, si katikati ya dozi.

Sista_Makambako

Dada wa maandalizi nimefika. Kibofu kujaa hakumaanishi kipasuke. Siku ya CT ya kupangia anakojoa, anakunywa kiasi kilekile atakachokunywa kila siku, tuseme mililita 400, anasubiri dakika 45. Kama hawezi kuvumilia 400, aseme siku hiyohiyo, wapange na 250. Kosa kubwa ni mzee kujikaza siku ya CT kwa heshima ya daktari, halafu wiki ya pili kibofu kimeanza kuwasha na anashindwa. Kibofu kinakuja nusu, utumbo unashuka kwenye mwali, na mpango wote uliochorwa hauko sahihi tena. Chupa ya maji ya nusu lita iwe moja, ichorwe mstari kwa kalamu, basi.

Puru nayo iwe tupu. Gesi inaisukuma tezi mbele kwa milimita kadhaa, na mpaka wenyewe unaoachwa ni milimita kadhaa hizohizo. Hapa kwetu Nyanda za Juu adui ni maharage, kande, kabichi na maziwa mgando. Aache kuanzia siku tatu kabla ya CT mpaka dozi ya mwisho. Wali, viazi, samaki na ndizi mbivu havina shida, ila vipimo vya wanga vifuate sukari yake. Choo kiwe cha kila asubuhi. Kikikataa aombe dawa ya kulainisha, asisukume.

Alama za wino nyongani asizisugue na dodoki wala kupaka mafuta juu yake. Zikififia asizichore mwenyewe nyumbani.

Msimrudishe Tukuyu wikendi. Ni zaidi ya kilomita 800 kwenda tu, na basi likiharibika Mikumi, Jumatatu imepotea. Akikosa dozi, kituo kiambiwe siku hiyohiyo ili waifidie.

Wiki ya pili au ya tatu atakojoa mara nyingi na kuunguza, choo kitalegea. Hiyo inatarajiwa. Mkojo kugoma kabisa, homa, au damu yenye mabonge, arudi kituoni bila kusubiri kliniki.

Fizikia_Mionzi

Akimaliza, msitoke bila muhtasari wa tiba kwa maandishi: jumla ya grei, idadi ya dozi, tarehe za kuanza na kumaliza, na sindano za homoni alizochomwa. PSA apime baada ya miezi mitatu, kisha kila miezi sita, maabara ileile huko Mbeya. Homoni zikiwa bado mwilini namba itakuwa chini sana, msishangilie sana. Zikiisha itapanda kidogo na inaweza kucheza, hasa kati ya mwaka wa kwanza na wa pili. Kinachohesabiwa kuwa ugonjwa umerudi ni kupanda kwa 2 juu ya namba ya chini kabisa aliyowahi kufika, kwa hiyo hiyo namba iandikwe mahali.

Na akitokwa damu njia ya haja kubwa baada ya mwaka mmoja au miwili, yeyote atakayemchungulia huko aambiwe kwanza kwamba alipigwa mionzi. Ukuta wa mbele wa puru usikatwe kinyama ovyo, unaweza usifunge na ukatoboka hadi kwenye njia ya mkojo.